Yadi ya Moshi na Milango Miwili ya Bahari

Ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mnaolala leo katika mabweni tuliyoyaacha sisi,

Mgeni afikapo mara ya kwanza mkoani kwetu huuliza swali moja ambalo wenyeji wamelichoka: je, mji huu uliitwa Moshi kwa sababu ya moshi wa treni? Jibu ni hapana. Jina hilo lilikuwapo kabla mtu yeyote hapa hajaona injini. Ilikuwa ni nchi ya Mangi Rindi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, na nchi hiyo ilikuwa juu mlimani, katikati ya migomba. Hata Wajerumani, baada ya kumshinda Mangi Meli mwana wa Rindi mwaka 1893, waliliweka boma lao huko huko juu. Lakini mgeni huyo hakukosea sana. Jina si la reli, ila mji ni wa reli. Kama treni isingalifika, pale penye soko, mabenki na stendi ya mabasi pangalibaki pori la nyanda, na mji wa Moshi ungalikuwa bado Old Moshi.

Nimeombwa niandike jambo la historia katika toleo hili. Wengine wamekwisha andika juu ya walimu wakuu, juu ya kwaya na juu ya timu ya mpira. Mimi nimechagua yadi ya mizigo ya stesheni ya Moshi. Sisi tuliosoma enzi za treni tulishuka pale na masanduku yetu ya bati, waranti ya safari mkononi, tukapita kando ya mabehewa ya mizigo yaliyopangwa safu kwa safu, wala hatukuuliza yalikuwa yanakwenda wapi. Ndilo swali ninalotaka kuliuliza sasa. Historia yote ya yadi ile, na kwa kiasi kikubwa historia ya mkulima wa mlima huu, imo katika swali hilo: gunia la kahawa likishashuka Moshi, litaelekea bahari ipi?

Swali lenyewe ni kongwe kuliko reli. Kilimanjaro tangu zamani ulikuwa na milango miwili ya kutokea pwani. Mlango wa kwanza ulikuwa Pangani: misafara ilipanda ikifuata bonde la mto, milima ya Usambara na Upare ikiwa mkono wa kulia, hadi ikaingia Kahe na kupanda mlimani. Mlango wa pili ulikuwa Mombasa, kwa njia ya nyika kame na Taveta. Mmisionari Rebmann, aliyeandika habari za theluji ya Kibo mwaka 1848, alitokea upande huo wa Mombasa. Wamangi walizijua njia zote mbili na walijua faida ya kuwa nazo mbili. Mfanyabiashara wa njia moja akipandisha bei, palikuwa na mwenzake wa njia ya pili.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Hebu tupige hesabu kidogo, kama tulivyofundishwa. Chukua behewa moja la kubeba tani 30. Hilo huchukua magunia 500 ya kahawa ya kilo 60. Kuyafikisha pwani magunia hayo kwa vichwa vya watu kungalihitaji wapagazi karibu elfu moja, na kila mmoja wao angalikula njiani kwa majuma kadhaa. Hakuna zao la shamba, likiwa zuri namna gani, linaloweza kulipia gharama hiyo. Pembe za ndovu ziliweza, kahawa isingeweza. Mapadre wa Kilema walikuwa na mikahawa yao mwishoni mwa karne ya 19, lakini kahawa hiyo haikuweza kuwa zao la mlima mzima mpaka chuma kilipofika chini yake.

Chuma hicho kilikawia. Kampuni ya Kijerumani iliyoundwa mwaka 1891 ilianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, na ilipofika Muheza mwaka 1896, mwendo wa kilomita 40 tu, fedha zikawa zimekwisha. Serikali ya Wajerumani ikalazimika kuichukua kazi hiyo mwaka 1899. Korogwe ilifikiwa 1902, Mombo 1905, na mataruma ya mwisho yalilazwa Moshi mwaka 1911. Ufunguzi rasmi ukafanywa Februari 1912. Tangu Tanga mpaka Moshi ni yapata kilomita 350, na zilichukua miaka kumi na minane. Katika muda huo huo Waingereza walianza reli yao Mombasa mwaka 1896 wakafika ziwani Kisumu mwaka 1901, mwendo wa zaidi ya kilomita 900. Tofauti hiyo ya mwanzo isisahauliwe, maana iliwasumbua watu wa Tanga kwa miaka mingi baadaye. Sababu ni kwamba reli ya Tanga haikujengwa kwa haraka ya kuufikia mlima. Ilijengwa kwanza kwa ajili ya mashamba, hasa mkonge, na kila palipopatikana mashamba ya kutosha ilitulia pale ikingoja fedha na wanasiasa wa Berlin.

Ilipofika, haikupanda. Injini haipandi mteremko kama mbuzi, na Old Moshi iko juu kwenye miteremko mikali. Wahandisi wakaisimamisha reli chini, penye tambarare, wakapima viwanja na kuita mahali hapo Moshi Mpya. Ofisi zikashuka. Maduka ya Wahindi yakashuka. Makanisa, misikiti na soko vikafuata. Kwa hiyo yadi ndiyo iliyotangulia na mji ukajipanga kuizunguka. Ndiyo maana hadi leo ukitazama ramani ya katikati ya mji, mitaa ya zamani inaelekea stesheni kama mito inavyoelekea ziwa.

Reli hiyo haikukaa miaka mitatu kabla ya kutumika kwa jambo ambalo aliyeijenga hakulipanga. Novemba 1914 meli za Waingereza zilitia nanga Tanga zikiwa na askari yapata 8,000, wengi wao kutoka Bara Hindi. Tanga ilikuwa karibu tupu. Jeshi la von Lettow-Vorbeck lilikuwa huku kwetu, likilinda upande wa Taveta. Waingereza wakachelewa kushambulia, na katika ucheleweshaji huo askari wakapakiwa katika mabehewa hapa Moshi na kuteremshwa Tanga kwa treni. Wakifikia hesabu ya watu elfu moja hivi, waliwarudisha wavamizi melini. Watu hupenda kusimulia habari za nyuki walioingia vitani siku ile, na ni kweli nyuki walikuwapo, waliwauma watu wa pande zote mbili. Lakini asiyesahau hesabu atakubali kwamba vita ile ilishindwa na ratiba ya treni kabla nyuki hawajatoka mzingani.

Waingereza wakajifunza. Mwaka 1915 walianza kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi, iliyoko juu ya njia yao ya Mombasa, wakaielekeza magharibi kupitia nyika isiyo na maji hadi Maktau. Machi 1916 jeshi la Jenerali Smuts likaivuka Taveta na kuiingia Moshi, na baada ya mapigano ya Kahe Wajerumani wakarudi nyuma wakivunja madaraja. Reli ya kijeshi ikafuata nyuma ya askari. Mwaka huo huo wa 1916 ikaungana na reli ya Tanga pale Kahe, kilomita 20 hivi kusini-mashariki ya Moshi. Ilijengwa haraka haraka, kwa kazi moja tu ya vita, na baada ya vita wengi waliona haina sababu ya kuendelea kuwapo. Haikung'olewa. Njia mbili za misafara zilizokuwa zikikutana Kahe tangu zamani zikawa sasa njia mbili za chuma, zikikutana mahali pale pale.

Hapa ndipo yadi ya Moshi ilipopata kazi yake hasa. Mwanafunzi wa leo aliyezoea lori asidhani kwamba treni ya mizigo hukokotwa tu hivi hivi. Lori moja lina mwenye mzigo mmoja na mwisho wa safari mmoja. Treni moja ina mabehewa ya watu wengi yanayokwenda mahali pengi, na lazima kwanza yapangwe. Behewa la mkonge ni la bandarini, la mahindi ni la Same, lililo tupu linahitajika Korogwe. Kila moja lilibandikwa kikaratasi ubavuni chenye kueleza litokako na liendako. Injini ndogo ya kupangia mabehewa ilishinda ikienda mbele na kurudi nyuma, ikiyasukuma mabehewa kutoka njia moja kwenda nyingine, na mtu wa pointi, chuma chake mkononi, akigeuza njia kwa mikono. Mabehewa yatakayokatwa stesheni za karibu yaliwekwa mahali ambapo yangetolewa kwa urahisi bila kuivuruga treni nzima. Aliyekosea kuyapanga Moshi alimtesa mwenziwe wa Lembeni, wa Hedaru na wa Mombo, usiku, penye giza na mvua. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari pia: kuyaunga mabehewa kulitaka mtu aingie kati ya chuma na chuma.

Tukiwa bwenini, usiku wa kujisomea, tulikuwa tukisikia mabehewa yakigongana chini kule, mlio unaoanza kwa kishindo kimoja na kuendelea kama mnyororo mpaka mwisho wa safu. Wenyeji wa Tanga na Korogwe miongoni mwetu walijua kwa kusikiliza tu kama treni iliyopangwa ni ndefu ama fupi. Mimi sikuwahi kuufikia ujuzi huo, ingawa nilijifanya ninao.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa mgawanyo wa Kahe. Mzigo wa kwenda Tanga na mzigo wa kwenda Mombasa ulitoka Moshi kwa njia moja, ukatenganishwa Kahe. Ukizijumlisha kilomita, safari mbili hizo zinakaribiana mno. Mwenye mzigo hakuwa na sababu ya kuchagua kwa ajili ya umbali. Kilichoamua ni maji. Ghuba ya Tanga ni nzuri na tulivu, lakini gati lake lilikuwa la maji mafupi. Meli kubwa ilitia nanga mbali, na kila gunia lilishushwa kutoka behewa hadi tishari, tishari likavutwa na tagi hadi melini, na gunia likapandishwa tena. Kule Mombasa, bandari ya Kilindini ilipata magati yake ya kwanza ya maji mengi mwaka 1926, meli ikasimama ubavuni mwa gati na kreni ikafanya kazi. Tena meli nyingi zaidi zilipita Mombasa, kwa sababu Kenya na Uganda zilitumia bandari hiyo hiyo. Basi sehemu kubwa ya kahawa ya Kilimanjaro, zao la Tanganyika, ikaenda zake baharini kwa kupitia Kenya. Wafanyabiashara wa Tanga walilalamika, na si ajabu: reli iliyojengwa kuwaletea mzigo ilikuwa imetobolewa tundu pale Kahe.

Mkulima wa mlimani hakuwa na ugomvi na Tanga wala Mombasa. Yeye alitaka bei. Katika miaka ya 1920 mikahawa ilienea katika vihamba, wakati huo mkuu wa wilaya akiwa Charles Dundas, ambaye aliihimiza. Na walowezi wa Kizungu hawakupendezwa hata kidogo kuona Mchagga akilima zao lao. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, Joseph Merinyo akiwa mmoja wa viongozi wake. Baada ya misukosuko chama hicho kikabadilishwa kuwa ushirika, na mwaka 1933 KNCU ikaanza kazi ikiwa chama kikuu cha vyama vya msingi vya mlimani. Ghasia za 1937, wakulima walipoikataa amri ya kuuza kahawa yao kupitia chama peke yake, zinastahili makala yao zenyewe. Hapa nataka tuone jambo moja tu. Ushirika ule haukuwa vitabu vya hesabu na mikutano peke yake. Ulikuwa pia mteremko mmoja mrefu. Kahawa ya maganda ilishushwa kutoka vyama vya msingi vya Marangu, Kibosho, Machame na kwingineko hadi kiwanda cha kukobolea Moshi mjini, ikakobolewa, ikapangwa kwa madaraja, ikaonjwa, ikauzwa mnadani, ikapakiwa behewani. Tangu mti hadi meli mzigo ulikuwa ukiteremka, na injini iliyouvuta ilikuwa ikisaidiwa na mlima wenyewe.

Kilichopanda ndicho kilichotaka nguvu. Mabati, saruji, chumvi, vitambaa, mafuta ya taa, baiskeli, vitabu vya shule. Nyumba za bati zilizoanza kuonekana mlimani badala ya zile za majani zilipanda kwa reli hii, bati kwa bati, zikilipiwa na kahawa iliyoshuka. Reli ikafikishwa Arusha mnamo 1929 na 1930, na kuanzia hapo Moshi haikuwa tena mwisho wa njia. Ikawa kituo cha katikati, na mizigo ya Arusha pia ikapita katika yadi yake.

Mwaka 1948 reli na bandari zote za nchi tatu ziliwekwa chini ya shirika moja lenye makao makuu Nairobi. Mwenye reli ya Tanga na mwenye reli ya Mombasa sasa alikuwa mmoja, na mashindano ya Kahe yakawa jambo la ndani ya ofisi. Behewa la Moshi lilivuka mpaka Taveta kama mtu avukavyo kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Baada ya Uhuru Serikali ikaongeza mlango wa tatu: mwaka 1963 ilifunguliwa njia kati ya Mnyusi, karibu na Korogwe, na Ruvu katika reli ya kati. Hapo ndipo mtu wa Moshi alipoweza kwa mara ya kwanza kwenda Dar es Salaam kwa treni bila kutoka nje ya nchi yake. Wengi wetu tuliokwenda Chuo Kikuu tulipita hapo. Lakini kahawa, pamoja na kuwa na milango mitatu, iliendelea kuupendelea ule wa Mombasa.

Sasa nafika mahali ambapo kila nikipafikiria nashangaa jinsi mambo yalivyoangukia pamoja. Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil. Bei ya kahawa duniani ikapanda kwa kiasi ambacho wazee wetu hawakuwahi kukiona, ikafikia kilele mwaka 1977. Kwa mkulima wa Kilimanjaro wakati huo ndio ulikuwa wa kupeleka kila punje sokoni haraka iwezekanavyo. Lakini mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini kote, KNCU ikiwemo, na kazi yake ikachukuliwa na mamlaka ya zao. Na Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya. Katika muda usiofika mwaka mmoja yadi ya Moshi ilimpoteza mpeleka mizigo wake mkubwa na ikapoteza mlango wake mkubwa wa bahari.

Pointi za Kahe zikageuzwa upande mmoja. Upande wa Taveta reli ilikuwapo, mataruma yalikuwapo, ila hapakuwa na treni. Mabehewa na injini za shirika lililokuwa moja zilibaki upande ule zilipokuwa siku ya kuvunjika, na karakana kuu ilikuwa Nairobi. Mali hizo zilihesabiwa na kubishaniwa kwa miaka mingi, msuluhishi akiwa Dakta Victor Umbricht wa Uswisi, mpaka nchi tatu zilipotia sahihi mkataba wa kugawana mwaka 1984. Shirika jipya la Reli Tanzania likaanza mwaka 1977 na vilivyokuwapo. Na Tanga, ambayo kwa nusu karne ilikuwa ikitazama kahawa ya Moshi ikipinda kushoto pale Kahe, ikaipata. Lakini iliipata kwa matishari yale yale na maji mafupi yale yale. Naona Tanga haikutendewa haki na wale walioilaumu wakati huo kwa uzito wake. Bandari iliyokosa nyongeza ya maana kwa muda mrefu haiwezi kulazwa jioni ikiwa ndogo na kuamka asubuhi ikiwa Kilindini.

Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983. Watu walivuka, mabasi yalivuka, biashara ya Taveta ikachangamka. Lakini ule upendeleo wa zamani wa kahawa kwenda Mombasa kwa behewa haukurudi kama ulivyokuwa. Mwenye mzigo akishajifunza njia nyingine, na akishamjua mwenye lori, hamngoji tena stesheni masta. Barabara ya lami ilikuwa imekwisha fika, na lori lilikuja hadi mlangoni kwa ghala, usiku au mchana.

Miaka iliyofuata nitaipita upesi kwa kuwa haina uzuri. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka, na mlimani watu wakaanza kung'oa mikahawa waliyoachiwa na babu zao, wakapanda mahindi, nyanya na ndizi za kuuza. Katikati ya miaka ya 1990 biashara ya kahawa ikaachiwa wanunuzi binafsi. Treni ya abiria ya Moshi ilikoma katika miaka hiyo ya 1990, na ya mizigo ikakoma katika miaka ya 2000. Nyasi zikaota katikati ya reli. Kuna vijana waliomaliza kidato cha sita katika shule yetu bila kuona treni ikisogea hata mara moja, wakiwa wanaishi katika mji uliojengwa na treni.

Treni ya mizigo iliingia tena Moshi Julai 2019, ikiwa na shehena ya saruji. Desemba ya mwaka huo ikarudi ya abiria kutoka Dar es Salaam, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Nilikwenda kuiona. Watu wa rika langu tulisimama pembeni tukijifanya tumepita tu kwa shughuli nyingine, na watoto walikuwa wamepandishwa mabegani na baba zao. Niliwasikia wakiuliza mambo ambayo kwetu yalikuwa kama kuuliza mvua ni kitu gani: inageukaje, inasimamaje, kwa nini haina usukani. Lile la usukani ni swali zuri sana. Treni haina usukani kwa sababu anayeichagulia njia si dereva. Ni mtu wa pointi, aliyesimama chini, na nyuma yake ni yule aliyeamua pointi zielekee wapi.

Mwaka ule ule wa 2019, kule Tanga, kazi ya kuchimba bandari ilianza. Mkondo wa kuingilia ulichimbwa mpaka kina cha mita 13, na gati likajengwa upya, urefu wa mita 450, hivi kwamba meli kubwa sasa yaweza kusimama ubavuni mwa gati bila tishari na bila tagi la kuvuta magunia. Ni kile kile Kilindini ilichokipata mwaka 1926. Tanga imekipata karibu miaka mia moja baadaye, wakati ambapo sehemu kubwa ya mizigo ya mlima imekwisha zoea lori, na mikahawa iliyobaki katika vihamba vingi ni ile ya uzeeni.

Ninyi mlioko shuleni, stesheni iko chini ya mji, si mbali. Nendeni Jumamosi moja na mwalimu wenu wa historia, mwombe ruhusa kwa stesheni masta kabla ya kuingia, kisha mhesabu njia za yadi. Zihesabuni zile zinazong'aa na zile zenye kutu, mziandike mbalimbali. Toleo lijalo la jarida hili lina nafasi kwa ajili ya hesabu hiyo.